Siku Tatu za Bogota Mjini Riyadh

Habari ya Bogota ilitufikia Jeddah kwa ujumbe wa sauti kwenye simu. Tuliusikiliza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mama mkubwa alikuwa bado anatafuta miwani.

"Miwani ya kusikilizia, mama?"

"Nisipoona vizuri sisikii vizuri," akasema, akaivaa, akanipungia mkono nirudie.

Sauti ilikuwa ya madam, binti yake wa pekee, anayeishi Riyadh na mumewe. Alisema mume ametakiwa na ofisi yake kuhudhuria mkutano wa siku tatu Bogota, mji mkuu wa Kolombia, huko Amerika ya Kusini, na kwamba yeye ataomba likizo amfuate, ili bwana akiwa amefungiwa mkutanoni yeye atembee aone mji. Ulikuwa ujumbe wa kutuarifu tu, wa heshima, wenye salamu nyingi mwanzoni na dua mwishoni. Mama mkubwa akabonyeza simu kwa kidole gumba akajibu:

"Mungu atufikishe salama. Tunaondoka lini?"

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mimi ndiye niliyeajiriwa kumtunza mama mkubwa. Ni mjane, mzaliwa wa Jeddah, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Nami ni mtu wa Kirinyaga niliyeuza mitumba sokoni Gikomba, Nairobi, kabla ya kuja Saudia, kwa hiyo mtu akiniambia bei ya mwisho mimi husikia bei ya kwanza. Tulielewana mapema. Wiki ya kwanza alinipeleka soko la Balad nimbebee mifuko, akaniona nikivutana na muuza viatu mpaka yule bwana akavua kofia akajipepea nayo. Mama mkubwa alisimama kando kama mtu anayetazama mpira. Tulipofika nyumbani akaniambia nimeridhika upesi. Yeye angeondoka dukani, angoje kuitwa akiwa amefika kwenye kona.

Na niseme wazi kwamba katika jambo la Bogota nilikuwa na upande wangu. Mama mkubwa hafungi viatu vyake mwenyewe, wala hainuki kitini bila mkono wa mtu. Akienda yeye, naenda mimi. Asipoenda, tunabaki wawili na kiyoyozi. Lakini hata ningekuwa sina faida yoyote, nilimwona alivyoiweka simu mapajani akingoja jibu. Amelea watoto, ameuguza mume, amekwenda Makka na Madina mara nyingi, na Kairo mara moja kumsindikiza shemeji hospitali. Hakuwahi kupelekwa mahali kwa ajili ya kutazama tu.

Jibu halikuja kwa sauti ya kurekodi. Madam alipiga mwenyewe, nami nikaweka simu kwenye spika.

"Mama, ni mbali. Ndege mbili, tena ndefu."

"Nitakuwa nimekaa. Magoti hayaumi mtu akikaa."

"Mji uko juu milimani. Hewa nyepesi. Watu wanashindwa kupumua."

"Waliozaliwa huko wanapumua nini?"

"Kuna baridi, Mama."

"Nina koti la Taif, na huko nako ni milimani."

Madam akavuta pumzi, akasema tutaongea, akakata. Baada ya dakika chache akanipigia mimi, kwa simu yangu, kwa sauti ya chini ya mtu anayenunua kitu cha magendo. Akaniomba nimkatishe mama tamaa, taratibu, kwa sababu mimi ananisikia. Nimwambie habari ya baridi.

Nilirudi sebuleni nikakaa.

"Mama, madam amesema nikuambie kuna baridi."

"Mwambie umeniambia."

Nikampigia madam, nikamwambia nimeshamwambia. Kazi niliyotumwa niliifanya, hakuna anayeweza kunidai.

Kesho yake madam alikuja na masharti, na mimi nikafurahi, kwa sababu mtu anayetaja masharti ameshaingia dukani. La kwanza lilihusu mizigo. Mama mkubwa hasafiri, anahama. Waliwahi kwenda Taif kulala usiku mmoja, akabeba gunia la mchele, jiko la gesi, zulia na mito ya kuegemea, na njia nzima mume wa madam alikaa kiti cha nyuma na chetezo mapajani, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuweka chetezo wala mume. Kwa hiyo Bogota ni sanduku moja kwa mtu mmoja. La pili, tumpelekee mpango wa siku tatu aone kama unalingana na magoti.

Tukaketi sakafuni Jeddah, mimi na mama mkubwa, mizigo yote katikati yetu. Nilihesabu vitu, nikavihesabu tena, nikakuta vimeongezeka. Alikuwa anasogeza vingine kwa mguu kutoka chini ya kochi.

Nilianza na lililo rahisi.

"Jiko la gesi halipandi ndege, mama. Hilo halitoki kwangu, linatoka kwa rubani."

"Umeongea na rubani?"

"Mama."

"Halas, yaishe, toa. Nani mwingine ana neno?"

"Sufuria kubwa pia."

Akaishika sufuria kwa sikio lake. "Nikitoa sufuria, unanipa nini?"

Hapo nikajua tuko sokoni, na mwili wangu wote ukachangamka. Kwa sababu mimi ndiye niliyeshika mpango wa matembezi, na yeye ndiye aliyeshika mizigo, na kila mmoja alikuwa na kitu cha kuuza. Nikafungua simu nikamwonyesha picha.

"Nakupa mlima. Huu hapa, juu ya mji. Ukiwa kileleni unaiona Bogota yote."

"Unapandwa kwa miguu?"

"Kwa kijumba kinachoning'inia kwenye waya."

"Waya una nguvu?"

"Unabeba watalii kila siku."

"Watalii wembamba," akasema. Lakini aliitazama picha muda mrefu, na sufuria ikatoka.

Kwa mchele nilimpa makumbusho ya dhahabu. Nilidhani hapo nimemaliza biashara, maana mama mkubwa akipita mbele ya duka la dhahabu shingo humgeuka yenyewe.

"Gramu wanauza kiasi gani?"

"Hawauzi, mama. Ni dhahabu ya kale. Imewekwa kwenye vioo, watu wanaitazama."

"Haiuzwi?"

"Haiuzwi."

"Rudisha mchele wangu."

Ilinibidi niongeze. Nikasema pengine nje mlangoni wapo wanaouza vipuli vya kuiga, vya bandia. Akafikiri. Akasema basi atakwenda aone wanavyodanganya watu wa huko, kama wanatumia mbinu za Balad au wana zao. Mchele ukatoka. Mito ikatoka kwa mtaa wa nyumba za rangi. Chetezo kilitoka kwa shida sana, kwa kanisa kuu la zamani kulitazama kwa nje tu, na mpaka leo nadhani kwenye hilo alinipunja.

Palipobaki thamosi ya kahawa na mkeka wa kukunja, soko likafungwa.

"Mama, Kolombia ndiko wanakolima kahawa. Dunia nzima inatoa kahawa huko. Wewe kubeba kahawa kwenda Bogota ni kama mtu abebe majani ya chai kwenda Kericho."

"Wanalima. Kupika wanajua?"

"Wanaolima si ndio wanajua?"

"Kwenu si mnalima?"

"Tunalima sana. Mimi nimechuma tangu mdogo."

"Na nyumbani kwenu mnakunywa nini?"

Nikatazama dirisha. "Chai," nikasema.

Akaipiga thamosi kibao kidogo cha mgongoni kama mtu anayempongeza mtoto, akaiweka ndani ya sanduku. Mkeka ukafuata, kwa hoja kwamba thamosi bila mkeka mtu atakunywea wapi.

Mpango wenyewe tuliuandaa kwa furaha. Niliusoma kwa sauti kwenye simu, nikamtumia madam. Siku ya kwanza: asubuhi kupumzika, baada ya alasiri mlima, baada ya magharibi kula, baada ya isha maduka. Siku ya pili: asubuhi kupumzika, baada ya alasiri dhahabu, jioni kutandika mkeka kwenye bustani yenye upepo. Siku ya tatu vivyo hivyo. Tuliuona mpango mzuri, wenye nafasi, usiomchosha mtu.

Madam alijibu kwa kucheka kwanza. Alicheka mpaka ujumbe ukawa karibu wote kicheko. Halafu akasema: "Ninyi wawili mmepanga kutembea Bogota ikiwa imefungwa. Huko jua linazama saa kumi na mbili. Alasiri mvua. Makumbusho yanafungwa jioni. Watu wa huko wanaamka asubuhi. Asubuhi, Mama!"

Mama mkubwa anajulikana katika ukoo wake wote kwa jambo hilo. Anasali alfajiri, analala, na mtu asimguse mpaka adhuhuri. Jeddah yenyewe ndivyo inavyoishi: mchana ni wa jua, maisha ni baada ya alasiri, na madirisha ya maduka huwaka wakati kwetu Kirinyaga hata mbwa wamelala. Aibu ilinishika mimi zaidi, kwa sababu nilizaliwa karibu na ikweta kama watu wa Bogota, ambako jua huzama saa ile ile mwaka mzima bila kupunguza hata dakika ya urafiki. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini ukila kwa saa za watu na kulala kwa saa za watu, unaamini jua ni lao.

"Halas," madam akasema. "Mnaona wenyewe. Haiwezekani."

Mama mkubwa alivua miwani akaikunja. Nilimwona anaanza kulitoa koti la Taif sandukuni, polepole, kama mtu anayerudisha nguo dukani.

Nikachukua simu.

"Madam, samahani. Gikomba mtu hanunui suruali kwa kuitazama. Anaijaribu juu ya nguo zake, hapo hapo, watu wakipita. Tujaribu. Tuje Riyadh siku tatu. Sanduku moja moja. Tuamke asubuhi, tutembee mchana, jioni tulale, saa za Bogota kamili. Mama akishindwa umeshinda, na hakuna aliyegombana na mtu."

Madam akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyepata bei nafuu mno akaanza kuikagua bidhaa.

Tulitua Riyadh katikati ya baridi yao, ile kavu inayopasua midomo. Mama mkubwa, ambaye kama watu wengi wa Jeddah anaiona Riyadh kama adhabu iliyowekwa lami, alivaa koti lake akasema angalau mpaka hapo Bogota inafanana na sifa zake.

Siku ya kwanza madam alitupeleka Al-Murabba, kwenye bustani ya makumbusho na kasri la zamani la udongo. Alikuwa ameshika simu akitusomea historia kama kiongozi wa watalii, akitembea haraka kidogo kuliko inavyohitajika. Mama mkubwa aliamka. Nisiseme uongo, aliamka kama gari lililolala nje kwenye umande: nilimwinua, nikamsukuma, akakohoa, akawaka. Alitembea na mkono wangu mpaka ukutani, akaupapasa udongo, akasema Jeddah nyumba zina madirisha ya mbao yaliyochongwa, mtu anatazama barabara bila kutazamwa. Hapa walitoboa tu wapate hewa.

"Mama, hapa ni Bogota," madam akamkumbusha.

"Basi Bogota ina matundu."

Magoti yalistahimili. Tuliporudi nyumbani madam aliyatazama magoti ya mama yake kama mashahidi waliogeuza maneno.

Siku ya pili ilikuwa ya soko na treni. Sokoni Batha mama mkubwa aling'ara. Alibishana na Mbangladeshi mmoja juu ya bei ya soksi za sufu mpaka wakaulizana habari za watoto. Tukapanda metro kwenda mtaa wa Olaya. Ngazi za umeme alizipenda, akataka tupande tena, madam akasema yalla, Mama, twende, watu wanatutazama. Tulipotoka nje ya kituo, kwenye uwanja uliosakafiwa mawe mbele ya maghorofa ya vioo, goti la kushoto likagoma. Mama mkubwa hakulalamika. Aliniashiria tu kwa kidevu. Nami nikafungua mkoba nikatandika mkeka, pale pale, kwenye kivuli cha ukuta, watu wa ofisi wakipita na kadi shingoni.

Madam akasogea mbali, akaanza kusoma kwa makini ubao wa ramani ya treni.

Thamosi ilikuwa haijafunguliwa vizuri mlinzi akatokea. Kijana mrefu mwenye koti la mng'ao, Mwafrika, akamwambia mama mkubwa kwa Kiarabu cha kuokoteza kwamba kukaa hapa mafi, hairuhusiwi. Nikanong'ona peke yangu, "Sasa huyu naye katoka wapi?"

"Bungoma," akajibu kwa Kiswahili.

Tukatazamana.

"Wee! Siste! Kumbe ni mtu wa nyumbani?"

"Kirinyaga."

"Sasa siste, hapa si Uhuru Park. Kunja huo mkeka kabla supavaiza hajafika. Mimi niko na miezi miwili tu kwa hii kazi."

"Mkeka si wangu. Mwambie mwenyewe."

"Mwambie wewe, si ni bosi wako?"

"Mimi silipwi kufukuza watu, wewe ndiye unalipwa."

Mama mkubwa hakuelewa neno, lakini alielewa soko. Akamimina kahawa yao nyepesi ya manjano kwenye kikombe kidogo akamnyooshea kwa mkono wa kulia. Kijana akababaika, akapokea, kwa sababu mama wa umri ule akikupa kitu hutaanza kumweleza sheria. Akanywa. Mama mkubwa akamjazia. Akanywa haraka ili amalize. Akamjazia tena. Huku Saudia kikombe hakikomi kujazwa mpaka mgeni akitikise kidogo kwa kidole kuonyesha ametosheka, na wa miezi miwili alikuwa bado hajafundishwa. Na mtu mwenye kikombe chako mkononi hawezi kukufukuza. Ameshakuwa mgeni wako.

"Siste, haki ya Mungu, hii kahawa haina rangi na haiishi," akaniambia. "Nifanye nini?"

"Kunywa," nikamwambia. "Mama akipumzika nitakuambia."

Alikunywa mpaka goti likaridhika. Ndipo nikamwonyesha kutikisa kikombe. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa kiatu cha mguu mmoja, kisha akacheka mpaka akashika ukuta, akamsaidia mama mkubwa kuinuka kwa mikono miwili, akakunja mkeka mwenyewe.

Madam hakucheka. Nyumbani jioni ile, mama mkubwa akiwa sebuleni na televisheni yake, alinifuata jikoni nikiosha vikombe.

"Umeona?" akasema. "Hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa. Si magoti."

"Ni mkeka, madam?"

"Si mkeka." Akachukua kikombe nilichokwisha kukiosha, akakifuta kwa kitambaa ingawa kilikuwa kikavu. "Nikitembea na Mama mimi si mtu mzima. Ananiuliza nimekula, nimevaa nini ndani, kwa nini uso umekonda. Mbele ya watu. Nilitaka siku tatu tu, mahali ambapo hakuna anayeniuliza nimekula. Ni dhambi?"

Nikasema si dhambi. Sikuwa na la kupunguza hapo. Nilikuwa nimezoea kuvutana na mtu anayeficha bei yake, na huyu alikuwa ameiweka mezani yote.

Ndipo nikatambua kwamba televisheni sebuleni haikuwa na sauti. Nilipochungulia, mama mkubwa alikuwa ameketi wima, rimoti mkononi, akiwatazama watu wanaofungua midomo kwenye kioo bila kusema kitu.

Asubuhi ya tatu nilikwenda kumwamsha nikamkuta amekaa kitini. Amevaa koti. Amevaa viatu, na kamba zimefungwa mafundo ya ajabu, makubwa kama ya kufungia mbuzi. Sikujua alivipataje miguuni. Thamosi ilikuwa kabatini. Mkeka ulikuwa umekunjwa nyuma ya mlango.

"Mama, kahawa?"

"Leo ni Bogota," akasema. "Hatubebi."

Tulitembea barabara ya mikahawa Olaya, yenye miti na viti nje. Mama mkubwa alitembea katikati yetu, akatazama alichoonyeshwa. Madam akisema hili ni jengo fulani, anasema mashallah. Madam akisema tuvuke, anavuka. Hakuuliza bei ya kitu. Mchuuzi wa manukato alimwita, akapita. Mkono wake ulikuwa unanibana zaidi kuliko jana, nami nikajua goti linauma, lakini nilipomtazama aligeuza uso.

Kwa muda madam alifurahia. Nilimwona mabega yakishuka. Alipiga picha, akatembea mbele peke yake, akarudi. Halafu akaanza kugeuka nyuma. Kwanza mara moja moja. Kisha kila baada ya duka.

"Mama, umechoka?"

"La."

"Tukae kidogo?"

"Kama wewe unataka."

"Mimi sitaki, nakuuliza wewe."

"Basi hatukai."

Tukaendelea. Madam akasimama tena.

"Mama, asubuhi umekula?"

Mama mkubwa akamtazama tu. Mimi nikaanza kukagua kiatu changu, maana kicheko kilikuwa kimefika kooni na hapakuwa mahali pake. Madam akajisikia mwenyewe. Akafunika mdomo kwa mkono, akasema "Ya Rabbi," akavuta kiti cha kwanza kilichokuwa karibu, akakaa. Akavuta cha pili, akakipigapiga kama anavyoitwa mtoto. Mama mkubwa akakaa, na goti likatoa mlio tuliousikia sote watatu.

"Lilikuwa linauma tangu saa ngapi?"

"Hukuuliza goti. Uliuliza kula."

Madam akaagiza kahawa, ikaja kwenye vikombe vya karatasi, nyeusi, chungu, yenye povu. Mama mkubwa akaonja. Uso wake ukapita nchi kadhaa.

"Hii ndiyo watakayotupa huko?" akauliza, kisha akajishika. "Watakayokupa, nilitaka kusema."

Madam akakizungusha kikombe chake mezani. Mimi nikanywa yangu. Muuzaji mzuri anajua wakati wa kunyamaza, na hata mimi hujua mara chache.

"Mtaniuliza mara moja tu kwa siku," madam akasema mwishowe. "Kama nimekula. Asubuhi. Mara moja."

"Mbili," mama mkubwa akasema.

"Mama!"

"Asubuhi na jioni. Mchana nitamtuma huyu akuulize."

"Mimi simo," nikasema.

"Moja na nusu," akasema mama mkubwa, na hakuna aliyeuliza nusu ni nini, kwa sababu madam alikuwa tayari anacheka, akifuta macho kwa kitambaa cha mezani.

"Leta pasipoti yako, Mama. Najua imekwisha muda. Itabidi tuanze na hiyo, na sijui kama tutawahi."

Mama mkubwa akaingiza mkono ndani ya koti la Taif, mfuko wa ndani kabisa, akaitoa. Ilikuwa mpya, jalada lake halijakunjwa popote. Madam akaifungua. Picha ilikuwa ya mama mkubwa akiikazia kamera macho kama anayekataa bei. Kurasa nyingine zote zilikuwa tupu.

"Umeifanya lini hii?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana hapakuwa na safari."

"Nilijua siku moja mtakwenda mahali," mama mkubwa akasema, akarudi kwenye kahawa yake ya karatasi, akainywa kwa adabu, macho kwenye barabara.

Madam akaifunga pasipoti. Kisha akachukua simu akampigia mumewe, akamwambia abadilishe mipango yote ya hoteli, aulize na habari ya viza, kwa sababu tutakuwa wanne.

Mama mkubwa akaniinamia sikioni.

"Wanne? Wa nne ni nani?"

"Bwana, mama."

"Yeye anakwenda kufanya nini?"

"Ndiye mwenye mkutano."

Akafikiri, akahesabu kwa vidole mezani, sanduku moja moja, akafika kwenye la bwana, akasimamisha kidole hapo.

"Muulize," akaninong'oneza, "kama la kwake litajaa."